Nilivyotikisa Kichwa Pembeni mwa Uwanja

Nekesa,

Mama yako ameshakuambia kuhusu blanketi, kuhusu kuchemsha maji ya kunywa, na kuhusu kutomwazima mtu yeyote sufuria. Shangazi yako wa Athi River amepiga simu mara tatu kueleza utashukia wapi na utamngojea upande gani wa barabara. Hayo mimi siyawezi, na wala hakuna aliyeniuliza. Kesho asubuhi unakwenda Machakos kusomea uuguzi. Umemwambia mama yako kwamba likizo zote utakuwa kwa shangazi, hata Krismasi. Mimi sijaambiwa lolote, kwa sababu tangu Agosti mwaka jana maneno yetu sisi wawili ni "chakula kiko tayari" na "sawa".

Naandika nikiwa karakana, saa kumi za alasiri, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wewe na mama yako mko kwa msusi. Mvua imenyesha, mtaa wote wa Rhonda ni matope, hakuna mtu atakayekuja kununua sofa leo, kwa hiyo sina kisingizio. Kuna jambo nataka kukuambia ambalo hulijui. Lile unalolijua ni baya na hili ni baya zaidi. Nitaanza na unalolijua, kwa sababu sijawahi kulisema kwa kinywa changu, na siwezi kuruka kosa la kwanza nikaungama la pili.

Ulikuwa na miaka saba nilipokuwekea mkononi kifuniko cha ndoo ya rangi, hapa hapa nyuma ya karakana. Diski yetu ya kweli ya frisbi ilikuwa moja tu kwa timu nzima, na nilikuwa nailinda kuliko mashine ya kushonea. Siku zile watu wa mtaa wa Kaptembwo walikuwa hawajui frisbi ni nini. Walituona watu wazima, wanaume kwa wanawake, tukifukuza sahani ya plastiki uwanjani Jumamosi, wakadhani ni kanisa jipya. Babu yako, Mungu amrehemu, aliyefanya kazi ya reli miaka yote bila kucheza chochote, aliniuliza, "Sasa wewe na hiyo ndevu, hiyo sahani mkiishika mnapewa nini?" Nikamwambia hatupewi kitu. Akacheka mpaka akakohoa.

Kile kifuniko hakikuwa na uzito wowote. Kilipepea kikaanguka miguuni pako mara ishirini. Nikakuonyesha kwamba nguvu haziko begani, ziko kwenye kifundo cha mkono, na kwamba diski isipozunguka haiendi popote hata uitupe kwa hasira ya dunia nzima. Mara ya ishirini na kitu kikaruka sawasawa, kikampiga kuku wa Mama Brayo. Ulicheka, mama. Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na siku hiyo ulicheka kama yeye kabisa, ukiwa umefunika mdomo kwa mikono miwili.

Ukafika miaka kumi na mitano ukawa unarusha kuliko mimi. Nakumbuka Februari moja, ule upepo wa alasiri unaotoka upande wa ziwa na kuleta vumbi jeupe. Wenzako walikuwa wanarusha juu, diski inapaa, inasimama, inawarudia kama deni. Wewe ulipiga hatua moja pembeni, ukainama mpaka goti likakaribia kugusa nyasi, ukaipitisha chini ya mkono wa aliyekukaba. Ilikwenda chini chini mpaka kwa Brayo. Sikukufundisha hiyo. Uliitoa kichwani mwako.

Na hapo ndipo ningepaswa kukuacha. Kocha mwenye akili angekaa kwenye nyasi akanywa maji. Mimi nilisimama pembeni nikaanza kukuelekeza kwa kichwa. Nikiinamisha kushoto, rusha kushoto. Nikikiinua, subiri. Nikikitikisa mbele, nenda. Ukiwa na diski mkononi una sekunde kumi tu za kuirusha, mpinzani anazihesabu usoni pako, na katika hizo kumi wewe ulitumia moja nzima kunitazama. Nilijivuna. Niliona binti ananisikiliza. Kiprono, kapteni wa timu ya Kiamunyi, alinitania mbele ya watu wote: "Mzee, huyu msichana ana rimoti ama?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na sikubadilisha kitu. Hili ndilo kosa langu la kwanza na ndilo mama wa mengine yote. Nilikuzoesha kutazama uso wangu kabla ya kuamua jambo ambalo ulilijua wewe.

Sasa ile fainali ya Agosti.

Unajua nilivyokuwa nawaeleza wazazi wa wachezaji wapya, mpaka mama yako akawa ananisaidia kumalizia sentensi. Nilikuwa nawaambia kwamba mchezo huu hauna refa. Hakuna kipenzi cha refa, hakuna wa kuhonga. Aliyekosa ndiye husema amekosa. Diski ikigusa chini, aliyekuwa karibu ndiye husema imegusa, hata kama kusema kwake kutaipotezea timu yake kombe. Niliyasema hayo nikiwa nimeshika kifua, kama mchungaji. Na ukutani hapa karakana niliandika kwa rangi nyekundu, Asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huo nilipenda sana kuwasomea wale tuliowashinda.

Vumbi, timu yetu, haikuwahi kuwashinda Kiamunyi tangu nilipoianzisha. Miaka kumi na miwili. Wao walikuwa na viatu vyenye meno, sisi tulikuwa na raba. Siku hiyo tukafika kumi na mbili kwa kumi na mbili, na anayefunga linalofuata ndiye bingwa. Upande wa pili walikuwa wamesimama wale watu wawili waliokuja kuchagua wachezaji wa timu ya taifa ya vijana, mmoja na daftari. Brayo akaipiga ndefu. Ukakimbia, Chebet wa Kiamunyi nyuma yako, ukaruka mzima mzima, mkaanguka nyote wawili ndani ya eneo la kufungia na vumbi likawafunika.

Nilikuwa hatua tano. Niliona. Ukingo wa diski uligusa udongo, ukaruka kidogo, ndipo vidole vyako vikaingia chini yake.

Chebet akaamka akipangusa macho. Akasema, na namsikia mpaka leo, "Ulishika? Mimi sikuona, vumbi imenijaa macho. Sema tu wewe."

Sema tu wewe. Alikuachia yote. Ukapiga magoti na diski mikononi, mdomo wazi, na najua ulikuwa unataka kusema nini kwa sababu nimekuwa babako siku zote. Halafu ukanitazama, kama nilivyokuzoesha.

Nikatikisa kichwa mbele.

Ukasema, "Nilishika." Na Chebet akakupa mkono, akakuinua.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilifanya vile kwa ajili yako, kwa ajili ya wale wa daftari. Si kweli. Wale wa daftari niliwakumbuka baadaye, nilipohitaji sababu. Wakati ule nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani, kwamba kwa mara ya kwanza nitawashinda hawa watu wa viatu vyenye meno. Nilikuuza kwa pointi moja, mwanangu.

Wiki ile hukula. Ijumaa ukaja ukasimama mlangoni pa karakana ukiwa na sare ya shule, ukaniambia, "Baba, kesho nitawaambia kwa duara." Nikakuambia nyamaza, mambo yakishapita yamepita, usifukue kaburi. Hukunibishia. Nilidhani umenielewa.

Jumamosi tukacheza na Kiamunyi mchezo wa kirafiki, na baada ya mchezo tukafanya duara kama kawaida, mmoja wetu mmoja wao, mikono mabegani, kila mtu aseme alichokiona kwa mwenzake. Watu walikuwa wanasifiana. Ikafika zamu yako. Ukasema diski iligusa chini. Ukasema kombe si letu. Chebet alikuwa bega kwa bega nawe, na hakutoa mkono wake. Kiprono akakuuliza kwa upole, "Sasa mbona ulisema ulishika?" Ukasema, "Niliangalia baba, akatingisha kichwa."

Wote wakanigeukia. Ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote. Neno moja tu, ndiyo, na ningeaibika siku moja, labda wiki. Badala yake nikacheka. Nilicheka, Nekesa, nikasema, "Watoto wa siku hizi, wakikosa lazima watafute mzazi wa kubebesha." Kuna mtu akacheka pamoja nami, nadhani kwa woga. Ulinitazama kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ulinitazama usoni.

Kombe tukalirudisha. Wewe ukatoka kwenye grupu ya timu, ukabadilisha namba ya simu, ukaacha kupita njia ya uwanjani. Ulikuwa ukienda dukani unazunguka kwa nyuma, kupitia kwa wauza makaa, na kichwa umekiinamisha. Nilikuona. Wachezaji wa Vumbi wakaanza kupungua, leo huyu ana mtihani, kesho yule ana kibarua. Mpaka Novemba tulikuwa wanne, na hata Brayo alikuja mara moja akaacha. Nami nikamwambia mama yako kwamba wameondoka kwa sababu ya aibu uliyotuletea. Nililisema hilo mezani, na wewe ulikuwa jikoni, na ukuta wetu ni wa mabati.

Hapo ndipo mwisho wa unayoyajua.

Januari Kiprono alikuja hapa karakana. Nilidhani amekuja kuulizia kiti. Alikaa kwenye lile gunia la sponji, akakataa chai, akasema hivi: "Mzee, mwambie Nekesa Jumamosi tunaanza. Tunamtaka kwa timu yetu. Chebet mwenyewe ndiye amesema aletwe. Wale wachaguzi wanarudi Machi, na tumewaambia vile alisimama kwa duara akasema ukweli, wakasema huyo ndiye wanataka kuona. Na umwambie hakuna mtu anamwona mwongo. Hakuna hata mmoja."

Nikamuuliza, "Kwani mimi mnanionaje?"

Akatazama chini kidogo. "Tulikuona, mzee. Watu watatu wa kwetu walikuona ukitingisha kichwa."

"Na mbona siku hiyo hamkusema?"

"Haikuwa yetu kusema. Kwa hii game mwenye kosa ndiye anajitaja. Tulikuwa tunakungoja."

Walikuwa wananingoja, mwanangu. Miezi mitano watu wazima wananingoja kama mtu anavyongoja mgonjwa aamke. Vumbi nao walijua, ndiyo maana waliondoka. Waliondoka kwangu, hawakuondoka kwako.

Nikamwambia Kiprono, "Nitamwambia."

Jioni ile ulikuwa unaosha vyombo nje. Nilitoka nikasimama nyuma yako. Nilikuwa nayo yote mdomoni, Jumamosi, Chebet, Machi, hakuna anayekuona mwongo. Wewe ukaendelea kusugua ile sufuria ya ugali, mgongo wako kwangu. Nikafikiria utakavyokwenda Kiamunyi, uvae jezi yao, usimame kwenye duara lao, na kila Jumamosi mji mzima ukumbuke ni kwa nini binti wa kocha hachezi kwa babake. Nikasema, "Maji yamebaki?" Ukasema, "Yako." Nikarudi ndani.

Nilijiambia nitakuambia kesho yake. Jumamosi ikapita. Baada ya wiki mbili Kiprono akapiga simu, "Alisemaje?" Na mimi nikamjibu, bila hata kutafuta maneno, "Amesema frisbi hataki tena." Akasema, "Pole. Msalimie." Machi wale wachaguzi wakaja, wakachagua, wakaenda. Vijana waliochaguliwa walisafiri nje. Chebet alikuwa mmoja wao. Wewe siku ile ulikuwa hapa nyumbani unaanua nguo. Sasa umeshapita umri wa timu ile, hata ukirudi leo.

Hilo ndilo ambalo hulijui. Mlango ulifunguliwa kwako, nikaufunga, kisha nikasema umeufunga wewe.

Nimeishi na hili bila shida kubwa, na hiyo ndiyo inayonitisha. Nilikula, nilishona viti, nilienda kanisani. Nilitegemea dhamiri ingenisumbua usiku, lakini nalala fofofo. Kilichonisumbua ni juzi, nilipokuona unakunja nguo ndani ya sanduku, ukaiokota ile jezi ya Vumbi yenye namba yako, ukaitazama, ukaitia kwenye yale matambara ya kupigia deki. Hukuitupa kwa hasira. Uliiweka tu, kama kitu kisicho na kazi. Nikaona kwamba unaondoka ukiamini kwamba mji mzima unakuona mwongo, na kwamba ungezeeka nao huo uongo huko Machakos au popote, na mwenye kuujua ukweli wote ni mimi peke yangu.

Jana nikapanda mpaka Kiamunyi. Kiprono siku hizi anauza chakula cha ng'ombe. Nilimkuta anapima unga wa ng'ombe wa maziwa, vumbi lake limemjaa nyusini. Nikamwambia yote, pale pale mbele ya mteja: kwamba ni kweli nilitikisa kichwa, kwamba sikufikisha ujumbe, kwamba wewe hukuwahi kukataa. Nilidhani atanitukana. Alifunga gunia kwanza, akalishona mdomo taratibu. Kisha akasema, "Sasa unaniambia mimi nifanye nini, mzee? Mwambie yeye." Akamgeukia mteja. Haikuchukua hata dakika tano. Nilishuka kwa miguu mpaka mjini, nikapita uwanja wetu. Umezungushiwa mabati, kuna tuta la mchanga pale katikati, wanajenga ploti za kupangisha. Hata nikitaka kuanzisha Vumbi upya, pa kuanzishia hapapo, na hakuna mzazi atakayeniletea mtoto.

Katika frisbi, watu wakibishana kuhusu kosa, diski inarudi kwa aliyerusha na wote wanarudi walipokuwa. Nimeupenda utaratibu huo kuliko kitu kingine chochote katika mchezo wote, na ni uongo kuutarajia nje ya uwanja. Siwezi kukurudisha Januari. Siwezi kukurudisha kwenye lile vumbi na diski mikononi na mdomo wazi. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mimi, tena mara tatu.

Wazazi wengine wakiandika barua kama hii huwa na jambo la kuwaachia watoto. Nimekaa hapa tangu saa nane nikitafuta langu. Ningesema useme kweli, lakini ulishaisema ukiwa na miaka kumi na minane, katikati ya watu, huku babako mwenyewe akikucheka. Hakuna ninachoweza kukufundisha hapo. Labda hili moja, na ulichukue kama unataka: huko wodini itafika siku ambayo mgonjwa amepewa dawa isiyo yake, au kipimo kimeandikwa vibaya, na ni wewe pekee uliyeona, na mkubwa wako atakutazama kwa namna fulani. Usimtazame usoni. Tazama kile ulichokiona. Najua hutanihitaji nikwambie, lakini ni mimi niliyekuzoesha vibaya, na tabia huchelewa kutoka.

Sikuombi msamaha hapa. Nilitaka kuuomba, nikaandika ukurasa mzima, nikaupasua, kwa sababu niliona nakuomba unibebee tena kitu changu. Wala sikuombi uje Krismasi. Mama yako atakuja huko kukuona, na nauli yake nitatafuta. Nilichokuwa nacho cha kukupa ni hiki tu, kwamba hukuwa mwongo, kwamba watu walijua, kwamba Chebet alikutaka kwenye timu yake, na kwamba mwaka mzima umepita kwa wauza makaa ukiinamisha kichwa bure. Ni zawadi mbaya. Najua kwamba ukiisoma utanichukia kwa haki na kwa sababu zilizo kamili, maana mpaka leo ulikuwa na nusu tu.

Namba ya Chebet nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kiprono ndiye aliyenipa, baada ya mteja kuondoka.

Mwanzo nilipanga kuitia barua hii chini kabisa ya sanduku, katikati ya mashuka, uikute ukiwa mbali. Kisha nikajua hiyo ni janja ile ile, kukuacha uumie mahali ambapo sikuoni. Nitakupa mkononi asubuhi, kabla ya chai, mama yako akiwepo. Isome hapo hapo. Useme utakalosema, au usiseme.

Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni na sanduku lako. Ukitaka kulibeba mwenyewe, nitalitua na kukupisha.

Babako